Anza kusikiliza wimbo wa mwisho

Chini ya kaunta yangu hapa Ngamiani, Tanga, kuna deki ya DVD isiyo na kifuniko. Kitufe chake cha kufungulia kilishang'oka, nakibonyeza kwa njiti ya kiberiti. Watu wameitaka, mmoja akanitajia na bei ya maana, nikamwambia hiyo haiuzwi. Deki ile ndiyo mkaguzi wangu. Kazi yoyote ya kuchoma CD au DVD haitoki dukani mpaka ipite pale, hata kama mashine imewaka taa za kijani tupu.

Vijana wanaokuja kuniuliza namna ya kuanza kazi hii huanza na mashine: shangazi, ninunue ya draivu ngapi, printa gani, inapatikana wapi. Mashine tutazifikia. Kwanza nikueleze nilivyopata adabu.

Ustadhi mmoja wa Makorora aliniletea kaswida za wanafunzi wake, anataka CD 200 za kuuza siku ya Maulidi. Nilikuwa na mnara wa draivu saba, ile mashine ya kusimama isiyohitaji kompyuta: juu kuna draivu ya kusomea CD mama, yaani ile inayonakiliwa, chini yake saba za kuchomea, na kioo kidogo chenye vitufe vinne. Siku zilikuwa zimebana, nikapandisha kasi mpaka 48, yaani mara 48 ya mwendo wa kusikiliza. Taa zote kijani. Nikasikiliza CD moja, wimbo wa kwanza, watoto wakaimba vizuri kabisa. Nikafunga mzigo.

Wiki iliyofuata zikaanza kurudi. Moja, tatu, kisha mfuko mzima wa rambo. "Dada, zinakwama mwishoni." Zikafika 27. Nilikuwa tayari kumlaumu aliyeniuzia CD tupu, lakini usiku nikakaa na kalamu. CD 200 kwa draivu saba ni mizunguko 28 kamili, na wa 29 unabaki na CD nne tu, ambazo niliziweka kwenye draivu nne za juu. Maana yake draivu ya tano, ya sita na ya saba kila moja ilichoma CD 28. Na mimi nimerudishiwa 27. Nikachukua CD tupu saba, nikaziandika namba moja mpaka saba kwenye duara la plastiki karibu na tundu, nikachoma, nikazipitisha kwenye deki moja moja. Namba tano ikakwama wimbo wa tisa. Ile CD ya 28 sijui iko nyumba gani mpaka leo.

Taa ya kijani inasema draivu imemaliza kuandika. Haisemi kwamba kilichoandikwa kinasomeka. Draivu ambayo mwanga wake wa leza umechoka, au lenzi yake imepata vumbi, itamaliza kazi kwa amani kabisa na kukukabidhi CD ambayo kompyuta itaisoma kwa taabu na redio ya gari haitaisoma kamwe.

Mzunguko wa kwanza ni wa kupima

Tangu siku ile utaratibu wangu ni huu, na siuachi hata mteja akisimama mlangoni anatazama saa.

Mzunguko wa kwanza kila CD naiandika namba ya draivu iliyoichoma. Kalamu iwe ya wino laini, siyo ya bolpeni. Watu wanaogopa kukwaruza upande unaong'aa, lakini kwa CD upande wa hatari ni ule wa juu, wa kuandikia: tabaka lenye data liko pale pale chini ya rangi, na ncha ngumu inalifikia. DVD ina nafuu, data yake imebanwa katikati ya vipande viwili vya plastiki, kila kimoja milimita 0.6.

Halafu natia CD zote saba kwenye deki, na sianzi wimbo wa kwanza. Naenda moja kwa moja wa mwisho. CD inaandikwa kuanzia ndani kwenda nje, na ukingoni ndiko makosa yanakozidi, kwa sababu kule draivu za kasi huwa zimefika mwendo wao wa juu na plastiki ikiwa imepinda kidogo ndipo inapoyumba. Wimbo wa kwanza unaweza kuimba kama uko studio na wa mwisho ukawa kigugumizi. Kwa DVD ya harusi naruka mpaka pale wanapoagana, natazama dakika tano.

Mnara una kitufe cha kulinganisha, kwenye kioo kimeandikwa Compare. Unaweka CD mama juu na kopi chini, wenyewe unasoma zote na kukuambia ipi imetofautiana. Kinakula muda karibu sawa na wa kuchoma. Mimi nakitumia mzunguko wa kwanza, halafu kila baada ya mizunguko mitano, na wa mwisho. Draivu zinachemka kadiri kazi inavyoendelea, na ile iliyofaulu saa tatu asubuhi inaweza kuanguka saa saba mchana. Kila mizunguko kumi naupumzisha mnara, naenda kunywa chai.

Kuhusu kasi: CD za sauti nachoma 16, DVD nachoma 8. CD ya dakika 80 kwa kasi ya 16 ni dakika tano na ushee. Mizunguko 29 ni kama saa mbili na nusu na kitu, bila kuhesabu kupakia na kupakua. Kwa 48 ningemaliza kwa karibu nusu ya muda huo, ndivyo nilivyomaliza zile za ustadhi. Wala usishuke mno ukidhani kuchoma polepole kabisa ni bora zaidi. CD na DVD za siku hizi zimetengenezwa kwa kasi kubwa, na ukizichoma kwa kasi ya chini kuliko zote baadhi hutoka mbaya zaidi. Kasi ya katikati.

CD mama nayo uitazame kwa jicho kali. Ikiwa na mkwaruzo, umeurithisha kwa kopi zote. Mteja akiniletea CD iliyokuwa inazunguka kwenye gari tangu mwaka juzi, naivuta kwanza kwenye kompyuta kama faili moja, nasikiliza, halafu nachoma CD mama mpya. Natumia ImgBurn, programu ya bure. Toleo lake la mwisho ni la mwaka 2013 na bado linafanya kazi. Hakikisha alama ya Verify, ya kuhakiki kilichochomwa, imewekwa. Faida nyingine ni kwamba ukiweka CD au DVD tupu inakuonyesha msimbo wa kiwanda kilichoitengeneza hasa, kwa sababu jina la kwenye boksi na kiwanda ni vitu viwili. Nimewahi kununua maboksi mawili yanayofanana kama mapacha, siku moja, duka moja la Kariakoo, na ndani msimbo tofauti. La kwanza halikuniangusha, la pili niligawia watoto wakafanyia mapambo.

Na CD nzuri zinazidi kuadimika. Taiyo Yuden wa Japani, ambao mafundi walizisifu kuliko zote, waliacha kutengeneza mwaka 2015. Verbatim ilichukuliwa na CMC Magnetics wa Taiwan mwaka 2019. Ukipata boksi linaloelewana na mnara wako, andika msimbo wake ukutani, na kama mfuko unaruhusu nunua la pili. Kwa oda ya 100 mimi nahesabu CD 110, na hizo kumi nimeziingiza kwenye bei tangu mwanzo.

Umeme, na uniti

Draivu saba zikianza kuchoma kwa pamoja zinavuta umeme kwa mkupuo. Minara ya bei rahisi huja na pawa saplai dhaifu, na dalili yake ni ya ajabu: draivu moja moja zinafanya kazi vizuri, lakini zote zikienda pamoja mbili zinaanguka, na kila mara si zile zile. Kabla hujabadilisha draivu, mwite fundi wa kompyuta akufungie pawa saplai yenye nguvu zaidi. Ni ile ile ya kompyuta ya mezani, inapatikana mjini.

UPS, ile betri ya akiba, ni lazima. Siyo ya kufanyia kazi gizani, ni ya kumalizia mzunguko uliokwisha kuanza, kwa sababu umeme ukikatika katikati CD saba zote ni za kutupa. Usiunganishe mashine ya fotokopi kwenye UPS hiyo hiyo. Mimi niliunganisha. Ililia kama mtoto aliyenyang'anywa ubuyu, ikazima, ikaondoka na DVD za mahafali.

Na kabla ya kubonyeza kitufe, tazama LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla. Nacheka ninapoandika hivi, lakini mwaka ule wa oda kubwa ya kwaya nilisimama mlangoni namlalamikia jirani kuhusu TANESCO, jirani akaniuliza mbona kwake feni inazunguka. Uniti zilikuwa zimekwisha.

DVD ina mambo yake

Hapa nitapita haraka. Mteja akileta video kwenye flashi, usiitupe ile MP4 kwenye DVD ukadhani umemaliza. Kompyuta itacheza, deki nyingi za zamani zitakataa. Lazima ugeuze iwe DVD ya video, ile yenye folda ya VIDEO_TS. Chagua PAL, mfumo wa picha wa runinga zetu, fremu 25 kwa sekunde, maana ukichagua NTSC, ule wa Marekani, kuna runinga za zamani zitaonyesha bibi harusi wa rangi ya kijivu. Kwenye boksi wameandika GB 4.7 lakini kompyuta itakuonyesha 4.37. Hujaibiwa, wanahesabu tofauti tu. Nafasi hiyo inatosha saa mbili za picha safi. Harusi ya Kitanga yenye singo, nikahi, kumtoa nje na chakula inafika saa nne kirahisi, na wenyewe wanataka DVD moja. Wape mbili. Ukiisukumiza yote kwenye moja, nyuso za watu zitakuwa vigae. Na ukitengeneza, usiruhusu mkondo wa picha uvuke megabiti 8 kwa sekunde. Sheria ya DVD inakwenda mpaka 9.8, lakini DVD ya kuchoma kwenye deki kuukuu inakatika kabla ya hapo.

Kuchapa juu yake

Hapa ndipo pesa ilipo na ndipo hewa ya Tanga inapokupima.

Stika za karatasi nilizitumia miaka miwili. Usizitumie. Gundi na joto la pwani haviivani, ukingo unanyanyuka, na kwa DVD uzito wa karatasi iliyokaa upande unaifanya iyumbe inapozunguka. Dereva mmoja wa teksi aliingiza CD yangu kwenye redio yake ile ya kumeza, stika ikabanduka ndani, na CD haikutoka. Fundi alifungua dashibodi. Gharama niliilipa mimi, na nilistahili.

Nunua CD zenye uso mweupe wa kuchapwa. Zipo za aina mbili na wauzaji wengi hawajui: moja weupe umefika karibu kabisa na tundu, kipenyo cha ndani kama milimita 23, nyingine weupe unaishia kwenye kama milimita 46 na katikati ni plastiki tupu. Chukua rula upime. Halafu ingiza namba hizo kwenye programu ya kuchapia, nje uache 118 hivi. Ukichapa mchoro uliopimwa kwa aina ya kwanza juu ya CD ya aina ya pili, wino unakaa juu ya plastiki, haukauki, unapaka trei, na trei inapaka CD zote zinazofuata.

Printa iwe ya wino yenye trei ya CD. Za matangi kama Epson L805 zina trei hiyo na rangi sita, na wino wa chupa unajaza mwenyewe. Trei ya modeli moja haiingii nyingine, kwa hiyo ukinunua printa ya mkono wa pili, ulizia trei kabla ya kuulizia bei. Yangu ina msumari wake ukutani, na kijana wa dukani anajua kuipoteza ile ni kujipotezea kazi. Usiisukume kwa nguvu. Iweke sawa na alama, iache printa iivute yenyewe.

Mara ya kwanza picha haitakaa katikati, itakimbia milimita moja au mbili. CD zilizoharibika usizitupe, zina kazi hapa. Chapa duara tupu juu ya moja, pima pengo juu, chini, kushoto, kulia, rekebisha, rudia. Ukipata namba zake ziandike ukutani, siyo kwenye simu.

Choma kwanza, chapa baadaye. Kuna wanaofanya kinyume ili mteja aone mchoro mapema. Ukichapa kwanza, CD itakayoanguka kwenye kuchoma imekwenda na wino wako, tena umeishika mara nyingi na vidole vimeacha alama upande wa data.

Sasa kukauka. Miezi ya masika hewa hapa ni kitambaa kilicholowa. Wino ambao Dodoma ungekauka ukiutazama, hapa unakaa kama asali. Kazi yangu ya kwanza ya kuchapa nilisubiri robo saa, nikazipanga moja juu ya nyingine kwenye kijiti chake, asubuhi nikakuta mkate. Kila niliyoibandua ilikuwa imechukua nusu ya jina la kwaya na kulihamishia mgongoni mwa mwenzake, upande ule wa kusomwa. Siku hizi nazitandaza kwenye mkeka juu ya meza ya nyuma, uso juu, haziguswi mpaka kesho yake. Feni naiweka ya chini kabisa, imeelekezwa ukutani siyo kwenye CD. Niliwahi kuielekeza kwake kwa nguvu zote, ikanipigia vumbi la Barabara ya 12 juu ya wino mbichi, na CD zote zikawa na ndevu. Kama mteja anajulikana kuwa na haraka, nunua zile zenye uso wa kung'aa usioogopa maji. Bei yake iko juu lakini kidole chenye jasho hakiondoki na rangi.

Unyevu huo huo unazinatisha CD tupu ndani ya boksi. Kabla ya kupakia, zipepete kama karata, uhakikishe hakuna mbili zilizoshikana. Kwenye mnara utaziona kwa macho. Kwenye mashine ya mkono wa roboti hutaziona.

Nayo hiyo niliimiliki. Ilikuja kwenye kontena kutoka ng'ambo, nikainunua kwa mtu aliyekuwa anahama. Ni mashine ya kupendeza: inaokota CD yenyewe, inachoma, inachapa, inaiweka pembeni, na watoto wa mtaa walikuwa wanakuja kuitazama kama sinema. Siku ya masika iliokota mbili kwa mpigo, ikazibana, ikasimama na mkono hewani. Hilo nililitatua. Lililonishinda ni katriji. Ilikuwa na katriji moja ya rangi tatu, na rangi moja ikiisha zote zimekwisha. Nilizunguka Tanga nzima, nikaagiza Dar, nikaambiwa iagizwe nje. Sasa hivi inabeba chupa ya chai. Kabla hujatoa pesa ya mashine yoyote, nenda kwanza dukani ukaulizie wino wake. Wakikuuliza "ndiyo nini hiyo?", rudi nyumbani na pesa yako.

Printa za wino hazipendi kulala. Kila baada ya siku mbili nachapa ukurasa wa rangi, hata kama hakuna kazi. Ukikuta mistari inakatika, safisha hedi, pale wino unapotokea, mara moja, mara mbili, basi. Ikigoma, izime ilale, ujaribu kesho. Kila usafishaji unamwaga wino kwenye pedi iliyo tumboni mwa printa, na printa inahesabu. Hesabu ikijaa inajifunga, inawaka taa zote na haichapi tena mpaka pedi ibadilishwe na hesabu irudishwe sifuri. Programu za kurudishia zimejaa mtandaoni, nyingine zimebeba virusi. Mimi nampelekea fundi, nikiishikilia wima kwenye bajaji, mapajani. Ya kwanza niliipakia bodaboda imelazwa ubavu, hewa ikaingia kwenye mirija ya matangi.

Kabla mzigo haujatoka

Daftari langu lina ukurasa ambapo mteja anaandika kwamba kazi ni yake au ameruhusiwa na mwenyewe, anasaini. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo. Mtu akija na bongofleva ya msanii anataka kopi hamsini, namwelekeza njia ya kutokea.

Mteja akifika kuchukua mzigo, namwambia achague mwenyewe CD tatu popote kwenye boksi. Naziweka kwenye deki mbele yake, wimbo wa mwisho. Faili la kazi yake nalitunza kwenye hadi diski, na mahali pengine pia, kwa sababu wengi hupoteza ya kwao.

Ustadhi alirudi mwaka uliofuata, safari hii CD 150. Kabla hajakaa akainama kuutazama mnara, akahesabu kwa kidole kutoka juu.

"Dada, ya tano?"

"Mpya," nikamwambia. "Niliifunga mwenyewe."

Akavuta kigoda mbele ya deki, akaomba njiti ya kiberiti.